Kulungu dume mzee wa mkia mweupe: anavyotukwepa, na hatua za kumfikia

Tarehe 6 Novemba, saa kumi na robo jioni, nilikuwa juu ya dungu kwenye mwaloni, kusini mashariki mwa jimbo la Iowa, Marekani, nikimtazama dume niliyekuwa nikimtafuta kwa msimu wa tatu. Alitokea kwenye vichaka vya mierezi, chini yangu kidogo, kama mita themanini hivi. Akasimama. Hakula, hakutikisa mkia. Pua ilikuwa imeinuliwa kidogo tu, sikio moja limeelekea mbele, jingine nyuma. Nilihesabu dakika kumi na moja kwenye saa yangu. Kisha akageuka taratibu, bila kukimbia wala kukoroma, akarudi alikotoka kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria motoni. Mchana wa msimu ule sikumwona tena.

Ilinichukua majira ya baridi mazima kuelewa kilichotokea. Dakika chache kabla hajatokea, upepo ulikuwa umelala. Jua likishuka, hewa hupoa na kuteremka mlima kama maji, na harufu yangu iliteremka nayo mpaka puani kwake. Mimi nilikuwa bado naamini upepo wa saa tisa.

Kwanza jina, maana linachanganya. Kulungu wa kwetu, ambaye wengine humwita mbawala au pongo, ana pembe za kudumu, ganda gumu juu ya mfupa. Huyu wa Marekani, ambaye Biblia za Kiswahili zingemwita ayala, pembe zake ni mfupa mtupu unaoota upya kila mwaka. Huanza kuchipua majira ya machipuo zikiwa zimevikwa ngozi laini kama mahameli, hukomaa mwezi wa Agosti, ngozi huchubuka mwanzoni mwa Septemba, na pembe zenyewe huanguka kati ya Januari na Machi. Humu nitamwita kulungu, na mkubwa wao nitamwita dume mzee.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza

Huku kila jimbo lina sheria zake, na zinabadilika kila mwaka, kwa hiyo soma kijitabu cha msimu huu. Kile alichokupa rafiki mwaka juzi kiache. Iowa, aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972 anatakiwa kuwa na cheti cha mafunzo ya uwindaji kabla ya kupata leseni. Mkazi wa jimbo hununua kibali bila shida kubwa. Asiye mkazi huingia kwenye bahati nasibu na anaweza kusubiri miaka kadhaa. Chambo haziruhusiwi Iowa; kuna majimbo jirani zinakoruhusiwa. Wakati wa bunduki lazima uvae rangi ya chungwa inayowaka.

Kwa sisi tuliohamia huku: mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, hununua bunduki kwa masharti yale yale ya raia. Aliye kwa viza ya muda kwa kawaida amekatazwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki wala risasi, na mojawapo ya vighairi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Ukiwa na wasiwasi hata kidogo, muulize wakili kabla ya muuza duka. Upinde hauhesabiwi kuwa silaha ya moto, na ndio nilioanza nao mimi.

Ruhusa ya ardhi ni jambo la heshima zaidi ya fomu. Mzee mwenye shamba ninalowinda nilimfuata mwezi wa Februari, si Oktoba wakati kila mtu anabisha hodi. Nilimsaidia kutengeneza uzio siku mbili kabla sijataja neno kulungu.

Hatua ya 2: Jua unamtafuta nani

Wengi wanaosema "dume kubwa" wamehesabu matawi ya pembe tu. Anayetushinda ni umri. Kulungu huzaliwa Mei au Juni, kwa hiyo wakati wa msimu umri wao ni mwaka na nusu, miwili na nusu, na kuendelea. Mwili hukamilika akiwa na kama miaka minne, na pembe hufikia ukubwa wake kati ya mitano na nusu na saba na nusu. Katika sehemu nyingi madume hupigwa mapema, ndiyo maana anayefika umri huo ni mnyama adimu, na kila mwaka aliopita umemfundisha jambo fulani kuhusu sisi.

Mtazame mwili kabla ya pembe. Dume wa miaka miwili na nusu anaonekana kama jike aliyefungwa pembe kichwani: miguu mirefu, tumbo limekaza, shingo nyembamba. Mzee ana kifua kilichoshuka mpaka miguu inaonekana mifupi, mgongo umebonyea kidogo, tumbo linaning'inia, na mwezi wa Novemba shingo humvimba hadi hujui inaishia wapi na kifua kinaanzia wapi. Tezi za ndani ya miguu ya nyuma, kwenye kifundo, huwa nyeusi tii kwa mkojo anaojikojolea makusudi.

Kama unapenda namba: klabu ya wawindaji ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt pamoja na wenzake, huingiza kwenye kitabu chake cha kudumu pembe za umbo la kawaida zenye inchi 170 na zaidi, jumla ya urefu, unene na upana. Rekodi ya dunia ni ya dume aliyepigwa na Milo Hanson karibu na Biggar, Saskatchewan, Kanada, mwaka 1993: inchi 213 na tano ya nane. Uwezekano wako wa kuona mnyama wa namna hiyo ni sawa na wangu, yaani usiutegemee. Dume wa miaka mitano mwenye inchi 130 ni mgumu vile vile kumpata, na hakuna tepu inayopima alivyokuhangaisha.

Hatua ya 3: Elewa anavyokujua

Hapa ndipo penye siri yote, kwa hiyo tukae kidogo.

Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa, anaona karibu duara zima isipokuwa kipande cha nyuma. Utafiti wa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Georgia ulionyesha kwamba ana aina mbili tu za chembe za kuonea rangi. Nyekundu na chungwa kwake hazijitokezi, ndiyo maana fulana yako ya chungwa haimsumbui. Bluu anaiona vizuri kuliko wewe. Kwa hiyo suruali ya jinzi ni kosa, na sabuni za kufulia zenye kemikali ya kung'arisha nguo pia ni kosa. Haoni maelezo madogo kwa ukali wetu, lakini mkono ukisogea umekwisha.

Masikio hayasikii mbali kiasi watu wanavyodhani; uwezo wake unakaribiana na wetu, ila unapanda juu zaidi kwenye sauti nyembamba. Tofauti ni kwamba kila sikio linageuka peke yake na yeye hana redio kichwani. Majani makavu yanayokanyagwa hayamtishi sana, kwani kindi hufanya fujo hiyo hiyo siku nzima. Kinachomtisha ni mlio wa chuma kugonga chuma. Mwituni hakuna kitu kinacholia kama zipu au ngazi ya aluminiamu.

Pua ndiyo mwenyewe. Jicho likimdanganya atasubiri, sikio likimdanganya atazunguka kuhakikisha, lakini pua haombi ushahidi wa pili. Dawa za kuua harufu zinazouzwa madukani zinapunguza, haziondoi. Mimi huoga kwa sabuni isiyo na manukato, navaa mabuti ya mpira ambayo hayajawahi kukanyaga kituo cha mafuta, na bado nahesabu kwamba nanuka. Nikihesabu hivyo, ninapanga kila kitu kufuata upepo.

Sasa jambo linalowapita wengi: hakuna lazima akuone wewe. Anaweza kukuta harufu ya viatu vyako saa saba usiku, muda wa saa tisa nzima baada ya wewe kuondoka. Mdogo atanusa na kuendelea. Mzee hatakimbia wala kuhama nchi. Atabadilisha tu saa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn waliwafunga madume kola za GPS huko South Carolina, wakaona kwamba mwindaji akishakaa mahali, madume huyakwepa maeneo hayo mchana kwa takriban siku tatu. Wewe unarudi kesho yake, na keshokutwa, unalalamika kwamba kulungu wamehama. Hawajahama. Wanapita pale ukiwa kitandani.

Hatua ya 4: Tafuta anapolala, si anapokula

Kwenye shamba la soya usiku utawaona madume sita. Habari hiyo haikusaidii, kwa sababu saa halali za kuwinda Iowa ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Eneo lote la maisha ya dume linaweza kufika kilomita mbili au tatu za mraba na zaidi, lakini mchana, nje ya majira ya kupandana, mzee huishi kwenye kipande kidogo cha kushangaza. Huamka mara kadhaa, hunyoosha mgongo, hula majani machache, hukojoa, hulala tena hatua chache kando. Ukimkosa kwa mita mia moja umemkosa kabisa.

Kwenye vilima, malalo ya dume mzee mara nyingi huwa theluthi ya juu ya mteremko, upande ambao upepo haupigi moja kwa moja. Fikiria ulivyo mpango wake: upepo unavuka mgongo wa kilima ukimletea harufu ya chochote kilicho nyuma yake, macho yanatazama bondeni, na jua likishapasha moto, hewa ya bondeni hupanda na kumletea harufu ya chochote kilicho chini. Amekaa kwenye njia panda ya habari. Kwenye mabwawa hutafuta kisiwa kidogo cha ardhi kavu. Kwenye mashamba tambarare, mtaro wenye nyasi ndefu au kona ya magugu ambayo trekta haifiki.

Mtafute Februari na Machi, msimu ukiwa umefungwa na majani yamedondoka. Wakati huo mfuate hadi chumbani. Malalo yake ni kibonyeo kikubwa kama beseni la kufulia, kimoja peke yake. Majike hulala kwa kundi, vibonyeo vikubwa na vidogo pamoja. Piga magoti pale pale alipolala, utazame anachokitazama. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliona, kupitia uwazi wa miti nisioujua, mahali pale ninapoegesha gari. Misimu miwili alikuwa akinitazama nikifunga kamba za viatu.

Karibu na malalo tafuta miti iliyokwaruzwa kwa pembe. Mti mnene kama paja lako uliochunwa gamba ni alama nzuri, kwa sababu madume wadogo hupenda vijiti. Usidanganywe na mparuzo wa ardhini, yaani ile duara ya udongo uliokwanguliwa chini ya tawi lililolambwa. Ni ubao wa matangazo wa kijiji kizima, na kamera zimeonyesha kwamba ziara zake nyingi mno ni za usiku. Mparuzo ulio ndani ya miti, umbali mfupi kutoka malalo, ndio wa kutilia maanani; ule wa ukingoni mwa shamba upige picha uwatumie jamaa.

Hatua ya 5: Kamera, lakini kwa adabu

Kamera ya porini, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita, ilinipotezea misimu miwili. Kila Jumamosi nilikuwa naenda kutoa kadi, na kila Jumamosi niliacha mstari mpya wa harufu. Picha za mchana zilipungua wiki hadi wiki, nami nikaamini dume ameuawa na jirani.

Siku hizi naziweka pembeni, kwenye njia za kuingilia mashambani na kwenye mageti, pale ninapoweza kufika na gari. Moja tu iko ndani, ya aina inayotuma picha kwa simu, na naitembelea siku ya mvua. Ninachoandika kwenye daftari ni vitu vinne: tarehe, saa, upepo ulikotoka, na upande alioelekea. Baada ya miaka miwili utaona jambo la ajabu. Dume mzee aliyepita korongo fulani mchana wa tarehe 28 Oktoba mwaka jana ana tabia ya kupita hapo karibu na tarehe ile ile mwaka huu. Daftari hilo lina thamani kuliko kamera yenyewe.

Kuna pia madume wasiofuata daftari lolote. Kola za GPS zimeonyesha wengine wana makazi mawili yaliyotengana kilomita kadhaa, na wengine hufunga safari ya siku moja au mbili nje ya eneo lao kisha hurudi. Picha moja ya mnyama mkubwa usiyemjua isikufanye uhamishe madungu yote.

Hatua ya 6: Upepo, kwa kirefu

Kanuni ya shuleni inasema: kaa upande ambao upepo unatoka kwake kuja kwako. Kanuni hiyo itakupatia majike na madume wadogo. Tatizo ni kwamba dume mzee hapendi kutembea akiwa na upepo mgongoni kuelekea asikokujua. Siku upepo unapokufaa wewe kabisa, haumfai yeye, na ataamka giza likishaingia.

Kwa hiyo tafuta upepo ambao yeye anaamini ni wake, na unakukosa wewe kwa upana wa uchochoro. Mfano ulio hai: malalo yako juu ya kilima, njia yake inashuka mashariki kuelekea kwenye mialoni, na upepo unatoka kusini mashariki. Yeye anapata upepo kwenye shavu lake la kulia, anaridhika, anashuka. Mimi nakaa kaskazini ya njia kwa mita ishirini, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla kuingia kijitoni. Harufu yangu inakwenda kaskazini magharibi juu ya maji, ambako yeye hapiti. Akikosea njia mita thelathini amenipata. Ndiyo gharama yake.

Usikisie hewa inakokwenda. Mwezi wa Septemba mimi huokota maganda ya lile gugu la maziwa ambalo vipepeo wakubwa wa rangi ya chungwa hulitagia mayai. Ndani kuna nyuzi nyeupe kama sufi. Ukiwa juu ya dungu achia uzi mmoja uufuate kwa macho. Utauona ukienda vizuri mita thelathini, ukasita, ukazama kwenye korongo, ukarudi nyuma yako. Poda ya madukani hupotea baada ya mita mbili na haikwambii lolote kati ya hayo.

Na saa. Alfajiri hewa bado inashuka. Jua likishapiga mteremko kwa muda, hugeuka na kupanda. Jioni hugeuka tena kushuka, mara nyingi katika nusu saa ile ile ambayo dume anaamka. Tarehe 6 Novemba ndiyo iliyonifundisha, kwa hiyo jioni sasa nakaa chini, karibu na kijito, ambako hewa baridi hutelemka na kufuata maji kwenda zake.

Hatua ya 7: Kuingia na kutoka

Kama huna njia ya kufika kwenye dungu bila yeye kujua, huna dungu. Una kiti tu cha kupumzikia mtini. Mimi niliacha dungu zuri kuliko yote niliyowahi kujenga kwa sababu njia yake ya asubuhi ilipita katikati ya shamba ambalo kulungu wanakula usiku.

Tembea ndani ya kijito maji yakiruhusu. Fyeka njia yako mwezi wa Agosti, reki majani, ukate vijiti vinavyogusa mapaja, maana kila kijiti hubaki na harufu. Kutoka ndiko kugumu zaidi: jioni giza limeingia na kulungu wako shambani chini yako. Mzee wa shamba hunijia na trekta. Trekta wameizoea tangu kuzaliwa. Husogea pembeni kidogo, trekta ikipita wanarudi kula. Mimi huteremka ikiwa inanguruma, napanda nyuma, tunaondoka. Hawajui nilikuwepo.

Mkanda wa usalama uufunge kabla mguu haujaacha ardhi. Watu wengi huumia kwa kudondoka mtini kuliko kwa risasi, na mtu aliyevunjika nyonga porini kwenye baridi ya Novemba hana saa nyingi.

Hatua ya 8: Ngoja

Mara ya kwanza kukaa mahali ndiyo bora kuliko zote zitakazofuata. Ya pili ni nusu yake. Ukikubali hesabu hiyo, utaacha kuwinda kila Jumamosi kwa sababu tu ni Jumamosi.

Baba Neema, jamaa yangu wa Uvira, Kongo, tunayefanya naye zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, alinishangaa mwaka jana.

"Ndugu yangu, wiki nzima una likizo na uko nyumbani. Nyama iko porini, wewe uko sebuleni."

"Nasubiri upepo, kaka."

"Upepo? Kwani unatweka tanga?"

Ndivyo ilivyo hasa. Nina madungu sita, na kila moja lina upepo wake mmoja au miwili. Upepo usipokuja, siendi, au naenda kwenye ukingo wa mbali kutazama kwa darubini tu.

Kuhusu mwezi: kalenda za mwezi mpevu zinauzwa kila mahali, ila utafiti wa kola haujauona mwezi ukiamua chochote kikubwa. Kupandana hufuata urefu wa mchana, ndiyo maana tarehe hazihami mwaka hadi mwaka. Baridi ya ghafla mwishoni mwa Oktoba naipenda, nakiri, lakini sehemu ya hilo huenda ni kwamba mimi mwenyewe nakaa vizuri zaidi siku ya baridi.

Hatua ya 9: Kalenda ya Novemba

Huku Iowa kilele cha kupandana ni katikati ya Novemba. Mimba ni siku kama 200, kwa hiyo watoto huzaliwa mwishoni mwa Mei na Juni nyasi zikiwa ndefu.

Siku za mwisho za Oktoba mpaka kama tarehe 5 Novemba dume mzee bado anaishi kwake, ila anaanza kutoka mapema kidogo kukagua mipaka. Hizi ndizo siku zangu. Anatabirika bado, na amepungukiwa subira. Karibu na malalo, jioni, upepo ule wa uchochoro.

Baada ya hapo hadi kama tarehe 12 anatembea. Sahau malalo yake. Nenda walipo majike. Yeye hapiti katikati ya malalo yao kama madume wadogo wanaokimbia huku na huko ulimi nje. Hupita upande wa chini wa upepo, ananusa kundi zima kwa mkupuo mmoja, kama hakuna aliye kwenye joto anaendelea. Kaa kwenye mstari huo, pale msitu unapobanwa kuwa shingo nyembamba. Kaa siku nzima. Wawindaji wengi hushuka saa nne asubuhi kwenda kunywa kahawa, na nyayo zao zikirudi garini ndizo zinazomwinua.

Kisha huja siku ambazo pori linakufa. Jike huwa kwenye joto kwa saa kama 24 hadi 48, na dume humng'ang'ania muda wote huo, mara nyingi akimsukuma kando, kwenye kichaka kisicho na maana katikati ya shamba. Ukiona dume mzee mchana kweupe kwenye kivuli cha mti mmoja katikati ya mabua, kuna jike karibu naye. Mwishoni mwa Novemba majike wengi wamekwisha kupandwa na yeye anazunguka tena kutafuta wa mwisho. Wengi wamechoka na wamekata tamaa kipindi hicho, nami nakipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Desemba ni habari nyingine. Bunduki zinapoanza, makundi ya wawindaji huswaga misitu, na dume mzee haruki mbio kama wengine. Hujibana. Niliwahi kusimama barabarani nikiongea na jirani kwa robo saa, na dume akainuka kutoka kwenye nyasi za mtaro hatua arobaini kutoka tulipo, baada ya watu kumi na mbili kumaliza kuufukuza msitu wa ng'ambo. Zikinyamaza bunduki, na baridi ikifika nyuzi 15 chini ya sifuri, njaa humrudisha. Amepoteza labda robo ya uzito wake kwa mapenzi. Soya au mahindi yasiyovunwa, jioni, ndiyo nafasi ya mwenye gobore la msimu wa mwisho.

Hatua ya 10: Kupiga na kufuata

Kwa upinde, mita ishirini inatosha. Mita arobaini ni kumkosea heshima mnyama na kujikosea mwenyewe. Lenga nyuma tu ya bega, akiwa ubavu au amegeukia mbali kidogo, mshale upite mapafu yote mawili. Waislamu wenzangu, jina la Mungu litajwe wakati wa kuachia mshale, na ukimkuta hai mchinje.

Kisha kaa kimya. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu: subiri nusu saa. Damu nzito ya giza ni ini: saa nne au zaidi. Ukiona majimaji ya kijani au mshale unanuka tumbo, ondoka kimya urudi baada ya saa nane hadi kumi na mbili. Ukimfuata mapema atainuka na utampoteza kwa uchungu wa siku nyingi.

Mpeleke akapimwe ugonjwa wa kudhoofika, ule wa ubongo ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967 na ambao sasa uko Iowa pia. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata, lakini mamlaka za afya zinashauri usile mnyama aliyekutwa nao. Usibebe kichwa wala uti wa mgongo kwenda jimbo jingine. Usile mpaka majibu yarudi; friza haina haraka.

Dume wangu yule wa vichaka vya mierezi alikuja tarehe 9 Novemba mwaka uliofuata, saa saba mchana, kwenye shingo ya msitu ambayo sikuwahi kuikalia hata siku moja. Nilikuwa nimeificha mwaka mzima nikingoja upepo wa kaskazini magharibi. Alipita mita kumi na nane, kichwa chini, akinusa nyayo za jike. Meno yake yalikuwa yamelika karibu na fizi. Afisa wa wanyamapori aliyeyatazama alikadiria miaka sita na nusu. Nyama ya shingo nilimkatia Baba Neema. Mkewe aliichemsha saa tatu na nusu kwa moto mdogo, na bado ilikuwa inavutana.